Akitimiza Saba

Mwanangu alirudi kutoka shuleni amevaa ndala mpya za rangi ya waridi. Zile za zamani, za bluu, nilizozishona kamba kwa waya, alikuwa amezishika mkononi. Nilikuwa nimechuchumaa uani kwa mama lishe ninayemfanyia kazi, si mbali na stendi ya Msamvu, naosha sahani za wateja wa mchana. Nikamuuliza amezitoa wapi.

"Kanipa baba."

"Baba gani?"

"Baba yangu. Alikuja pale getini wakati wa mapumziko. Kasema nafanana na mama yake."

Nilimvua zile ndala nikaziweka juu ya ukuta, nikamvalisha za bluu, nikarudi kwenye beseni. Nilisugua sahani moja kwa muda mrefu mpaka mama lishe akachungulia kutoka jikoni.

"We bubu, hiyo sahani unaitoboa? Watu wanasubiri kula."

Ananiita bubu kwa utani na sijawahi kuchukia, maana ni kweli sina maneno. Nilimaliza darasa la saba bila kunyoosha mkono hata siku moja. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo kichwani, lakini likifika kooni linakaa hapo hapo. Kazi ya kuosha vyombo niliipenda kwa sababu hiyo. Sahani haikuulizi kitu.

Siku ile nilimwogesha mwanangu kabla jua halijazama, nikafunga mlango, nikasukuma ndoo ya maji nyuma ya mlango. Ndoo ya maji haimzuii mtu mzima. Nilijua, lakini niliisukuma.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe. Alikaa meza ya pembeni kama mteja yeyote, akaagiza wali maharage, akamsalimia mama lishe vizuri na kumsifia mboga. Mimi nilimtambua kwa kisogo kabla hajageuka. Miaka saba nilikuwa nimejitahidi nisiikumbuke sura yake, na kisogo kilitosha.

Mama lishe akanipa sahani nipeleke. Nikapeleka.

"Mama mtoto," alisema, "hujambo? Umekuwa mtu mzima sasa."

Alitoa karatasi mfukoni mwa shati, akaikunjua mezani kando ya sahani. Ilikuwa nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Aliweka kidole mahali palipoandikwa jina la baba.

"Sikuja kwa ugomvi. Hili jina ni la nani? Mimi kwetu damu haiachwi ikazurura. Nina nyumba, nina mke, Mungu hajatupa mtoto. Lakini mtoto ninaye, si huyu hapa? Sheria naijua. Chini ya miaka saba mtoto akae na mama. Nimekuachia. Mwezi wa nne anatimiza saba, nakuja kumchukua."

Akala chakula chake chote. Alipoondoka alisema ahsante.

Mama lishe alimsindikiza kwa macho mpaka barabarani. "Sasa mwanaume mstaarabu kama yule unamkimbia nini? Wenzio tunawatafuta baba watoto mchana kwa tochi. Yeye anakuja mwenyewe, na ndala mkononi!"

Wateja wawili walicheka. Nikaokota sahani yake. Wali hakuacha, maharage hakuacha, alikuwa ameipangusa safi. Nikaiosha peke yake, mara tatu.

Huo ulikuwa mwezi wa pili. Nikaanza kuhesabu.

*

Yaliyotokea ghalani sitayaandika hapa. Niliyaandika mara moja mahali panapohusika, na inatosha. Nitaandika tu kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, kwamba yeye alikuwa mnunuzi wa viungo aliyekuwa akipanda milimani kwetu, juu ya Mkuyuni, kununua pilipili manga na karafuu, na kwamba ghala lilikuwa la mjomba wangu. Mzigo wa mjomba ndio niliotumwa kumfungulia.

Mama aliniona tumbo kabla sijasema. Mjomba, kaka yake mama, akaita wazee. Mtu yule aliitwa akaja, kwa sababu alitishiwa polisi. Nilikuwa ndani na mama, tunasikia kila kitu kupitia ukuta wa udongo. Alikataa, akakataa, kisha akakubali. Mjomba alikuwa na daftari kubwa la ukoo, anamoandika mipaka ya mashamba, misiba na vikao. Akaandika humo, na mtu yule akatia sahihi. Alileta mbuzi mmoja na doti ya khanga kwa ajili ya mama. Polisi hakuna aliyekwenda. Wazee wakala mbuzi. Mtu yule akashuka mlima na hatukumwona tena.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa ambalo lingefanywa na sisi tu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba linafuata mama, maziko yanafuata mama, na mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba. Kwa baba mtoto anachukua jina tu, ndilo tunaloita mtala. Mtoto asiye na mtala watu wanamwangalia kama nyumba isiyo na mlango, hawajui waingilie wapi kumwita. Kwa hiyo mjomba alitaka jina. Alilitaka kwa ajili ya heshima ya mwanangu, na hakuona hatari yoyote, maana tangu azaliwe hakuwahi kuona mtu akichukuliwa na jina. Walipokuja kuandikisha watoto kijijini, mjomba alikwenda mwenyewe na daftari lake, akataja jina la mtu yule, karani akaliandika kwenye nafasi ya baba.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimembeba mtoto mgongoni. Nililisikia likitajwa. Nilitaka kusema lisiandikwe. Likakaa kooni.

*

Nilimwondoa mtoto shuleni wiki nzima. Alicheza na vifuniko vya soda chini ya meza ya mama lishe, na kila mteja aliyeinama kumsalimia nilimwona kama aliyetumwa. Nilianza kuwauliza watu kwa kuzungukazunguka, kana kwamba namuulizia jirani. Muuza maji nilimuuliza. Fundi cherehani nilimuuliza. Mama mwenye nyumba nilimuuliza. Wote walisema jambo moja.

"Saba ni ya baba, mdogo wangu. Hilo liko wazi."

"Hata kama baba ni mtu mbaya?"

"Mbaya vipi? Mlevi?"

Nikamlipa muuza maji pesa yake, nikajitwisha ndoo.

Usiku nilikuwa namtazama akilala. Ni kweli anafanana na watu wasio wa kwetu. Nilizoea kuutazama uso ule kama uso wake mwenyewe tu, na sasa ndala moja ilikuwa imeniharibia. Nilimgeuza alalie upande mwingine, kisha nikaona aibu nikamrudisha.

Barua ya wito ililetwa na mjumbe wa mtaa. Nilitakiwa kufika ofisi ya Ustawi wa Jamii kwa shauri la mtoto. Niliisoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Nilijua hajangoja mwezi wa nne.

Afisa wa Ustawi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mezani kwake kulikuwa na mafaili mengi na kikombe cha chai iliyopoa.

"Karibu, dada. Baba wa mtoto anaomba kukaa na mwanawe. Anasema unamficha, hata shule umemkatisha. Ni kweli?"

Nilitikisa kichwa, halafu nikakiinamisha, maana la shule lilikuwa kweli.

"Sasa ni ndiyo au hapana? Dada, mimi nimekuita unieleze. Ukinyamaza nitaandika kwamba umenyamaza."

Nilifungua mdomo. Nilimwona akisubiri, nikaona na saa ya ukutani nyuma yake. Nikasikia mkojo unataka kunitoka. Nikamwomba karatasi.

"Unataka kuandika?"

"Ndiyo. Lakini naandika polepole."

Alinitazama, kisha akanipa karatasi nne za mistari. "Kaandikie nyumbani. Ijumaa uniletee."

Niliandika kwa siku nne. Mwanangu alilala pembeni, mimi nikaandika juu ya kifuniko cha sufuria, nikafuta, nikaandika tena. Zilitoka kurasa mbili. Ijumaa nilimpa, nikabaki nimesimama. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanyanyuka kufunga mlango, akarudi kusoma wa pili.

"Kaa," alisema. Sauti yake ilikuwa nyingine. "Kaa, mwanangu."

Nikakaa.

"Nani kakwambia akitimiza saba ni wa baba?"

"Watu wote."

"Watu wote hawajaisoma. Sheria inaona ni vizuri mtoto chini ya miaka saba awe na mama yake. Haisemi kwamba siku ya kutimiza saba baba anakuja na begi. Akizidi hapo hakimu anaangalia maslahi ya mtoto. Anaangalia nani anamlea, yuko salama wapi, na mtoto mwenyewe anasema nini."

Nilimuuliza lile nililoshindwa kumuuliza muuza maji. Nilimuuliza kwa sauti ndogo sana, akainama ili anisikie. Nilimuuliza kama mtu aliyefanya vile bado anaitwa baba.

Alivua miwani. "Nikudanganye au nikwambie ukweli? Sijui mstari mmoja kwenye sheria yetu unaosema huyu aliyebaka si baba, basi, imekwisha. Natamani ungekuwepo. Lakini hakimu ana uwezo wa kumzuia. Asikae na mtoto, asimwone, asimkaribie. Anaweza, lakini lazima ajue. Leo kwenye faili hili yeye ni baba mwenye jina kwenye cheti, na wewe ni mama anayeficha mtoto. Kesi ya polisi haipo. Hospitali hukwenda. Una shahidi? Una karatasi yoyote?"

Nikasema sina. Nilikuwa nimefika mlangoni ndipo nilipolikumbuka daftari la mjomba.

*

Nilimwacha mwanangu kwa mama lishe. Ilibidi nimwambie. Nilimpa nakala ya zile kurasa mbili kwa sababu nisingeweza kusema, na yeye alisoma amesimama jikoni, mwiko mkononi, mpaka ugali ukaanza kunuka. Hakunitania. Alisema, "Nenda. Akija hapa nitammwagia mafuta ya maandazi," na alipolisema hilo hakucheka.

Nilishuka gari Mkuyuni mapema, nikapanda mlima kwa miguu. Njia ile naijua kwa nyayo, lakini siku hiyo nilipita mbali na ghala, kwenye migomba ya jirani, gauni likararuka.

Mjomba alikuwa uani anageuzageuza pilipili manga juu ya mkeka. Mama alikuwa kizingitini anapepeta mchele.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona peke yako? Mjukuu yuko wapi?"

Nilimwambia yule mtu alivyokuja, ndala, cheti, Ustawi. Yalitoka vipande vipande, mama akivisubiri kwa mkono juu ya ungo. Mwisho nikasema nimekuja kuomba lile daftari, na yeye mwenyewe aje aseme.

Mjomba aliendelea kugeuza pilipili. Alizigeuza kwa nguvu mpaka zile punje nyeusi zikaruka nje ya mkeka.

"Daftari la ukoo haliendi kwa watu."

"Mjomba..."

"Unajua kilichoandikwa mle? Kimeandikwa kosa, na mimi nimeandika, na jina langu liko chini. Wataniuliza, mzee, ulijua kosa kubwa kama hilo, hukwenda polisi, ukala mbuzi? Unataka mjomba wako akafie jela?"

"Mbuzi ulimla," alisema mama kutoka kizingitini. "Mimi sikula."

"Dada, usinianze. Mimi nilimlinda huyu. Nilipeleka jina lake polisi watu wakamwone mahakamani? Nilimpa mtoto mtala. Jina si mtoto. Nani hapa amewahi kuchukuliwa mtoto na mtala? Nitajie mmoja!"

"Wa hapa hayupo. Lakini yule si wa hapa, kaka. Kwao mtoto ni wa baba. Ulimpa jina mtu asiyejua kwamba ni jina tu."

Mjomba alikaa chini juu ya mkeka, palepale kwenye pilipili. Sikuwahi kumwona akikaa juu ya mali yake. Alikuwa mtu mkubwa nilipokuwa mdogo, na nilikuwa nikipita nyuma ya nyumba ili nisimsalimie, si kwa jeuri, bali kwa woga tu. Sasa nilimwona na yeye anaogopa, na nilidhani ningefurahi. Sikufurahi. Niliona kwamba tumekuwa waoga wawili na mtoto yuko katikati yetu.

"Mjomba," nilisema, "yule mtoto ni wa kike."

Hakunyanyua uso.

"Atalala nyumba moja na yule mtu."

Mama aliweka ungo chini. Nilisubiri mpaka kivuli cha mgomba kikafika mkekani, kisha nikawaaga, maana gari la mwisho halisubiri. Nilishuka mikono mitupu. Mama alinifuata mpaka kwenye kijito, akanisukumia mfukoni mayai matatu ya kuchemsha ya mtoto, akasema kwa Kiluguru nisilie njiani watu wasije wakauliza.

*

Shauri lilipelekwa mahakamani mwishoni mwa mwezi wa tatu, siku kumi na tisa kabla ya siku ya kuzaliwa ya mwanangu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na mlima ulikuwa umefunikwa tangu asubuhi kana kwamba haupo. Tulikuwa chumba kidogo kisicho na watazamaji, mimi na afisa wa Ustawi upande mmoja, yule mtu upande mwingine, karani na hakimu mbele. Benchi lilikuwa moja tu lililozunguka kona, na mtu yule alikaa karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni yake.

Aliongea vizuri. Alisema tulikuwa wapenzi, vijana, tukakosea kama vijana. Alisema alifukuzwa na wazee kwa kuwa hakuwa wa kabila letu. Alitoa cheti.

"Mheshimiwa, jina langu hili sikuliandika mimi. Mimi sikuwepo. Wao wenyewe walikwenda kuliandika. Sasa niulize kitu kimoja tu. Mtu aliyebaka, familia inamfuata kumwomba jina?"

Hakimu aliandika. Nilitazama kalamu yake ikienda na nikaona mwanangu akiondoka nayo. Hata mimi, kama nisingekuwa mimi, ningemwamini.

Hakimu akaniuliza kama nina shahidi. Afisa wa Ustawi alikuwa anaanza kusema kwamba shahidi alipelekewa wito mlimani lakini hakufika, ndipo mlango ulipogongwa, karani akachungulia akasema nje kuna wazee wamelowa.

Mjomba aliingia kwa kanzu, matope mpaka magotini, daftari limefungwa mifuko miwili ya plastiki. Nyuma yake mama. Walikuwa wametembea sehemu ya njia tangu alfajiri, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika. Mjomba hakunitazama. Alivua kofia, akaapa, akafungua mifuko polepole, fundo moja, fundo la pili. Hakimu alimwambia asome.

Alisoma kama anavyosoma kwenye misiba, kwa sauti ya juu bila kituo.

"Kijana amekiri mbele ya wazee sita kuwa alimlazimisha binti yetu ndani ya ghala na binti hakuridhia. Ameomba radhi. Ametoa mbuzi mmoja jike na khanga doti moja. Jina lake litatumika kwa mtoto kwa mtala. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake na yeye hana dai."

"Aliyeandika ni nani?" hakimu aliuliza.

"Mimi."

"Ulijua ni kosa la jinai?"

"Nilijua ni ubaya, mheshimiwa. Nilidhani ubaya wa nyumbani unamalizwa nyumbani. Nimekosa. Kama ni kunifunga, nifungwe, lakini mtoto asiende."

Hakimu akamgeukia yule mtu, akamwonyesha ukurasa. "Sahihi hii ni yako?"

"Walinilazimisha."

"Kumbe neno analijua," alisema mama. Hakimu akamwambia anyamaze. Mama akanyamaza, lakini alisogea mbele akaweka kitu mezani kwa hakimu. Ilikuwa ile doti ya khanga, imekunjwa kama ilivyotoka dukani, karatasi ya kiwanda bado imebandikwa. Miaka yote ilikuwa chini kabisa ya sanduku lake. "Yake hiyo," alisema. "Sijaivaa."

Kisha hakimu akaniuliza mimi. Nilisimama. Nilimsikia yule mtu akihema pembeni. Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameinamia matope ya miguu yake, mzee wa watu, ameyasema ya kwake yote mbele ya wageni.

Nilisema ni kweli kilichosomwa. Nilisema namwogopa. Nilisema simtaki karibu na mwanangu. Sentensi tatu. Afisa wa Ustawi alinishika kiwiko nikakaa, na ndipo nilipogundua kwamba nilizisema kwa sauti ya kusikika.

Uamuzi ulisomwa baada ya siku kumi. Mtoto akae na mama. Yule mtu asifike nyumbani wala shuleni, asimtafute mtoto kwa njia yoyote mpaka mahakama iseme vingine. Suala la ghalani lipelekwe polisi. Yeye siku hiyo hakuja. Polisi walipomfuata alikopanga hapa mjini, chumba kilikuwa kitupu.

Wanasema wanamtafuta. Mjomba aliandika maelezo yake polisi, akarudi mlimani. Mpaka leo hajaitwa tena, lakini mama anasema kila pikipiki ikisikika inapanda, anaacha jembe anasimama.

Jina bado liko kwenye cheti. Afisa alisema kuliondoa ni maombi mengine, na huchukua muda. Mwanangu ameanza kuandika majina yake matatu kwenye madaftari. La tatu analiandika vizuri kuliko yote, lina herufi anazozipenda. Jioni ananiletea. "Mama, nimepatia?" Namwambia amepatia.

Siku aliyotimiza saba sikwenda kazini. Nilipika wali wa nazi, nikakaa nimeegemea mlango mchana kutwa. Mvua ilinyesha. Aliniuliza kwa nini nakula mlangoni, nikamwambia kuna joto ndani. Hakuna aliyekuja.

Kesho yake nilimpeleka shule mwenyewe. Nakala ya amri niliiacha kwa mwalimu mkuu, nyingine nikampa mlinzi wa getini, baba mmoja mzee mwenye koti la mvua. Aliigeuzageuza akanirudishia.

"Binti yangu, mimi kusoma sikujaliwa. Niambie yukoje huyo mtu. Mimi nikishamjua sura, hapiti."

Watoto walikuwa wanaingia, wanatusukuma. Mwanangu alikuwa amenishika gauni, amenyanyua uso ananisikiliza. Njia fupi ingekuwa kumwambia yule mzee amtazame mtoto, kwa maana kila kitu kiko pale, macho, paji la uso, mdomo. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia mwanangu akimbie darasani, nikangoja mpaka akaingia.

Halafu nikafumba macho, nikaiita ile sura niliyoikimbia miaka saba. Ilikuja upesi. Nikamweleza mzee urefu wake, mwendo wake wa kutanguliza bega, sikio la kushoto lenye pengo dogo juu, anavyocheka kabla ya kuomba kitu. Nikamweleza kisogo.

"Rudia," alisema mzee. "Nataka nimshike vizuri."

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza tena.